Kilele Kilichoitwa Uchafu

Majirani wetu wa mtaa wa Bigo walipoambiwa kwamba nilikwenda Ulaya kusomea namna mwanga unavyovunja molekuli, wengi walielewa kwamba nilikwenda kusomea umeme. Siku chache baada ya kurudi, mama mmoja aliniletea redio iliyokufa. Niliifungua kwa heshima, nikaona waya umekatika, nikauunga. Redio ikaimba. Hadhi yangu mtaani ilianzia hapo, wala haikutokana na shahada.

Mimi ni asistanti wa kemia katika chuo kimoja hapa Bunia, yaani mwalimu wa daraja la chini anayesahihisha karatasi nyingi na kusubiri kumaliza shahada yake ya udaktari. Udaktari wangu una miguu miwili. Mmoja uko hapa, mwingine uko katika maabara ya ng'ambo ambako nilikaa karibu mwaka mzima.

Kazi ya kule inaelezeka. Unayeyusha kitu unachotaka kukichunguza, unakipuliza kwenye sindano nyembamba yenye umeme, matone yanakauka yakiwa hewani, na molekuli zinabaki kila moja peke yake, imebeba chaji yake. Mashine inazivuta hadi ndani ya chumba kisicho na hewa na kuzifungia humo. Zinaelea kama gesi, hazigusani na chochote. Kisha unazipiga kwa leza ya infraredi, ule mwanga ambao jicho haliuoni ila ngozi inaujua, kama unavyoujua moto wa makaa ukiwa umekaa kando ya jiko. Chembe moja ya mwanga huo ni dhaifu, haivunji kitu. Lakini ukipata rangi inayolingana na mtikisiko wa molekuli yako, molekuli inameza chembe moja, inaongeza nyingine, inaongeza nyingine tena, mpaka inakatika mahali palipo dhaifu. Unahesabu vipande. Unabadili rangi kidogo, unahesabu tena. Mwisho unapata mchoro wenye vilele na mabonde, na kila kilele kinakuambia sehemu fulani ya molekuli inavyotikisika. Hivyo ndivyo tunavyojua umbo la kitu ambacho hakuna atakayekiona kwa macho.

Molekuli yangu ilikuwa asidi ndogo yenye mkia mrefu. Ikibeba chaji, maana yake imepokea protoni moja ya ziada, na protoni hiyo inaweza kukaa upande wa oksijeni au upande wa nitrojeni. Vitabu na hesabu zote zilisema itakaa kwenye oksijeni, kwa kuwa hapo ndipo inapotulia zaidi. Vipimo vyangu vya miezi ya kwanza vilikubali. Ila wiki ya mwisho, nikiwa tayari nimeanza kufunga sanduku, kilijitokeza kilele kirefu mahali ambapo palitakiwa kuwa bonde tupu.

Profesa wangu, mwanamke mpole wa sauti na mgumu wa maneno, alikitazama kwa muda mfupi.

"Uchafu," alisema. "Sampuli imechafuka. Vipimo vya wiki hii tuviache."

Sikubishana. Safari ilikuwa imefika, na mtu aliyekwisha kukabidhi funguo za chumba hana nguvu ya kubishana. Lakini ndege ilipokuwa inashuka juu ya vilima vya Bunia, bado nilikuwa nakiwaza kilele kile. Kilikuwa safi mno kuwa uchafu. Uchafu huleta vilele vingi vidogo vilivyopotoka. Hiki kilikuwa kimoja, kimesimama wima, kila siku ya wiki ile mahali palepale.

Nilikuwa nimerudi nyumbani zaidi ya mwezi mmoja, nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuhusu viyeyushi, nilipojisikia nikisema kwa sauti mbele ya darasa kwamba kiyeyushi si kitu kisicho na kazi, chaweza kuamua mambo. Niliacha chaki hewani. Wiki ile ya mwisho pombe ya maabara tuliyozoea kuyeyushia ilikuwa imekwisha, nasi tulitumia kiyeyushi kingine, asetonitrili. Kila mtu wa maabara alilijua jambo hilo. Hakuna aliyedhani lina maana. Wanafunzi wangu walifikiri nimeugua.

Nilimwandikia profesa usiku uleule: huenda katika asetonitrili protoni inabaki kwenye nitrojeni, nasi tulikuwa na molekuli mbili tofauti zenye uzito mmoja. Alijibu asubuhi. Wazo si baya, aliandika, lakini ile ya nitrojeni haitulii. Protoni ingehamia kwenye oksijeni mara moja. Kama nadhani kuna ukuta unaoizuia kuhama, nihesabu urefu wa ukuta huo. Yeye hakuwa na mtu wa kumpa kazi hiyo.

Nilikuwa na kompyuta ya mezani ambayo maabara ilikuwa inaitupa, nami niliibeba sandukuni badala ya nguo. Hesabu ya aina hiyo inakwenda mchana na usiku, siku nyingi, na kuna sehemu ambayo ikikatika katikati haiendelei pale ilipoishia, inaanza upya. Anayeishi Bunia ameshaona tatizo liko wapi. Umeme wa mji unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Nyumbani kwa mama yangu tuna paneli moja ndogo inayotosha taa na simu. Chuoni jenereta inazimwa mchana ukiisha.

Kanisa letu lilikuwa na paneli nzuri juu ya paa na betri kubwa katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu, ambamo koral, yaani kwaya, inaweka piano ya umeme, vipaza sauti na mabafle yake, yale maspika makubwa. Nilimwendea mchungaji. Alinisikiliza, akauliza kama mashine inapiga kelele, nikasema inavuma kidogo tu. Akakubali. Hakuwauliza watu wa koral, nami sikufikiri kuuliza.

Hesabu ilianza Jumatatu. Alhamisi jioni nilipita kuitazama, nikaikuta imezimwa, na waya umekunjwa vizuri juu yake kama kamba ya mbuzi aliyeuzwa. Katika kanisa wanawake wa koral walikuwa wanaimba, piano ikilia kwa nguvu zote. Nilingoja wamalize.

Kiongozi wao tulimwita Mama Présidente. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge sokoni, mzaliwa wa Butembo, aliyehamia Bunia na watoto wake na kusimama tena bila kuomba msaada kwa mtu. Alinikuta mlangoni.

"Assistante," alisema, "ni miye nilichomoa. Usitafute mutu mwingine. Ile machine yako iko nakula courant yetu yote. Jana bana-mama ba soprano balikuya hapa, piano ikakufa katikati ya wimbo. Siye tuimbe na nini?"

"Mama Présidente, ilikuwa na siku ine iko nafanya kazi. Sasa yote ilipotea. Inapashwa kuanza tena mwanzo."

Alinitazama vizuri. Nadhani aliona machozi ambayo mimi nilidhani nimeyaficha.

"Kazi gani? Miye naona taa moja tu ya kijani. Iko nafanya nini humu ndani?"

Hapo nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ile niliyokuwa nimeizoea, kusema ni mambo ya chuo na kuondoka. Lakini nilikuwa nimechoka, na yeye alikuwa ameuliza kweli.

"Mama, unajua ile bati ya juu ya mulango? Yenye inalia?"

"Naijua sana. Nilisema na muchungaji mara ngapi bapige musumari."

"Inalia wakati gani?"

Alifikiri. "Wakati bana-baba ba basse banashuka chini kabisa, kwa ule wimbo wa Pasaka. Kwa nyimbo ingine hailie, hata tuimbe kwa nguvu namna gani."

"Basi njo vile. Kila molekuli iko na sauti yake yenye inaitikisa. Ukiimba ingine, inanyamaza. Ukiimba yake, inatikisika, na ukiendelea kuimba bila kupumua, musumari inatoka na bati inaanguka. Siye tunaimba na mwanga. Tunaangalia ni sauti gani iliangusha bati, tunajua musumari ilikuwa fasi gani, hapa ao kule."

"Na hii machine?"

"Hii inahesabu bati ingelia na sauti gani kama musumari ingekuwa fasi ingine. Na inahesabu kama musumari inaweza kutoka fasi moja kwenda ingine yeye peke yake."

Mama Présidente aliingia chumbani, akainama mbele ya kompyuta iliyozimwa, akaipapasa mgongoni kama mtu anayepima kama mtoto ana homa.

"Na bazungu banasema nini?"

"Banasema musumari iko fasi moja. Miye naona iko fasi mbili."

"Weye uko na hakika?"

"Bado. Njo sababu ya machine."

Alitoka, akazungumza na wenzake kwa Kinande, lugha ya kwao Butembo, kwa muda, kwa sauti ya kukasirika, kisha akarudi. Wangefanya répétition, yaani mazoezi, bila piano mpaka kazi yangu iishe. Ila nisiongeze kitu kingine kwenye betri, hata simu. Na Jumapili, siku ya Mungu, wakati wa ibada courant ni ya kanisa. Ikiwa haitoshi kwa wote, ni mimi nitakayezima.

Nilianza upya. Juma la kwanza jua lilikuwa zuri, betri ikatosha, na koral iliimba siku ya Mungu na vyombo vyake vyote bila shida. Niliketi nyuma, masikio yangu yakiwa chumbani. Juma la pili mvua ilikuja, mawingu yakakaa juu ya mji kutwa. Kila nilipopita baada ya masomo nilitazama kwanza taa ya betri, halafu ndipo natazama hesabu. Hesabu ilikuwa inapanda mlima wake polepole: kompyuta inaisogeza protoni hatua ndogo kutoka nitrojeni kuelekea oksijeni, na kila hatua inapima nguvu inayotakiwa. Kila hatua nguvu ilikuwa inaongezeka. Ukuta ulikuwepo. Nilichokuwa sijui ni kilele chake.

Kumbe siku ya Mungu iliyofuata koral ya Tchomia ilikuwa inakuja kutembelea yetu. Jambo hilo lilipangwa zamani, nami sikulijua. Mama Présidente alinijulisha Ijumaa, akiwa amesimama mlangoni kwetu na mwavuli wake.

"Bageni banatoka mbali, mpaka kule kwa ziwa. Siwezi kubaimbisha bila mabafle. Na betri iko chini."

"Najua, Mama. Tulipatana. Nitazima."

"Ukizima, inarudi mwanzo?"

"Inarudi."

Alikunja mwavuli, akaukung'uta. "Usizime kwanza," akasema, akaenda zake.

Asubuhi ya ibada nilifika mapema nikiwa nimejiandaa kuzima. Nilimkuta nje, nyuma ya kanisa, pamoja na jenereta ya petroli iliyokopwa kwa jirani yake wa sokoni. Nilipendekeza tuunganishe kompyuta kwenye jenereta. Kisha nikakumbuka umeme wake unavyorukaruka, nikasema hapana. Basi mabafle yakapewa jenereta, na kompyuta ikabaki na betri. Jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta kiasi kwamba mchungaji alihubiri kwa kupiga kelele, na wazee wawili wa kanisa waligeuka mara kwa mara kuniangalia.

Koral ya Tchomia ilikuwa nzuri. Walikuwa wamepanda barabara mbaya tangu alfajiri, sare zao za buluu zikiwa bado na vumbi upindoni, na walikuwa wametuletea vikapu vya samaki wa moshi ambao harufu yao ilijaza kanisa. Waliimba wimbo wa kwanza, watu wakasimama. Katika wimbo wa pili jenereta ilikohoa, ikakohoa tena, ikazimika. Piano ikafa. Kipaza sauti kikafa. Mwimbaji wao wa mbele alibaki amefungua mdomo.

Nilijua kwamba chumbani, hatua chache kutoka pale, betri ilikuwa na nguvu ya kumaliza wimbo ule. Nilisimama nielekee mlangoni. Mama Présidente, aliyekuwa ameketi mbele, aligeuka, akaniona, akanionyesha kiganja cha mkono: kaa. Kisha akaanza kupiga makofi, taratibu, kwa mwendo wa ule wimbo. Koral yetu ikamfuata. Wale wa Tchomia wakatazamana, wakajiunga. Wimbo ulimalizika hivyo, kwa koo na viganja, na sitasema kwamba ulikuwa mzuri kuliko ungekuwa na piano. Ulikuwa chini kidogo, na sauti za nyuma zilichelewa. Lakini ulimalizika.

Baada ya ibada kiongozi wa wageni alilalamika, na alikuwa na haki. Nilisogea ili niseme ni mimi, lakini Mama Présidente alinitangulia.

"Ni siye, mama. Petroli ilikuwa kidogo. Mutusamehe. Mukirudia tena, tutakuwa na ingine."

Hakutaja kompyuta. Wazee wa kanisa ndio walioitaja, katika mkutano wao wa juma lile. Mmoja alisema courant ya kanisa imetolewa na waumini kwa kazi ya Mungu, si kwa masomo ya mtu mmoja. Mchungaji alinitetea kidogo, kisha akaniambia kwa upole kwamba hesabu hii ikiisha, niondoe mashine. Sikuona kosa katika uamuzi huo. Ningekuwa mzee wa kanisa, labda ningesema vilevile.

Hesabu iliisha Jumanne mchana. Nilikuwa nimesimama mbele ya skrini na koti la mvua, maji yakinidondoka. Namba ya mwisho ilikuwa kubwa. Ukuta kati ya nitrojeni na oksijeni ulikuwa mrefu sana kwa molekuli iliyo peke yake katika utupu, isiyo na maji wala pombe ya kuishika protoni mkono na kuivusha. Ikishafika pale ikiwa kwenye nitrojeni, inabaki imenaswa. Haihami mpaka mwanga uivunje.

Nilinunua mega za intaneti, nikampigia profesa nikiwa nimekaa kwenye ngazi za kanisa. Nilimsomea namba.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Huo ukuta ni mrefu kuliko nilivyodhani," akasema. "Nitumie faili zote. Nitaomba wapime tena, siku moja, sampuli moja, viyeyushi viwili."

Majuma kadhaa yalipita. Niliirudisha kompyuta nyumbani juu ya pikipiki, nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa. Siku moja nikiwa nasahihisha mitihani, mwenzangu wa maabara, Mtunisia tuliyekuwa tunagawana naye meza, alinitumia michoro miwili bila neno lolote. Katika pombe, bonde. Katika asetonitrili, kilele, kimesimama palepale. Na vipande vilikuwa tofauti pia: molekuli ya kwanza ilipovunjwa na mwanga ilipoteza maji, ya pili ilipoteza amonia. Nilitazama simu mpaka ikajizima, nikaiwasha, nikatazama tena. Kisha nikaendelea kusahihisha, kwa sababu matokeo yalitakiwa kesho yake. Nakiri kwamba kundi lile la karatasi lilipata alama nzuri kidogo.

Profesa aliandika barua fupi. Alisema alikosea kukiita uchafu, na kwamba katika makala jina langu litakuwa la kwanza. Anayemjua atajua kwamba barua ile ilimgharimu.

Nilikwenda sokoni kumwambia Mama Présidente. Alikuwa anamkunjulia mteja kitenge.

"Fasi mbili?" aliuliza.

"Fasi mbili, Mama."

Alimgeukia mteja wake, ambaye hakuelewa lolote. "Unaona huyu? Njo mwenye alimaliza courant yetu." Alisema kwa majivuno, nadhani. Kisha akaendelea kuutetea wekundu wa kitenge chake, kwamba hauchuji hata ukifuliwa.

Si wote walioichukua hivyo. Mama mmoja wa soprano bado ananisalimia kwa ncha za vidole, na wakati wa michango ya kanisa mzee yule aliyenipinga huniangalia kabla ya kutaja betri. Tunaishi nayo. Kompyuta sasa iko chuoni, katika ofisi ya sekretarieti, na nimejifunza kukata hesabu zangu vipande vifupi vinavyoingia katika saa za jenereta. Kazi inakwenda polepole, ila inakwenda.

Mwaka huu nimepewa kufundisha somo la infraredi. Hatuna leza, hatuna hata chombo kidogo cha kupimia. Ninawagawia wanafunzi michoro ya kweli niliyokuja nayo, wanaichora upya kwa penseli kwenye karatasi zenye miraba na kubishana kila kilele ni cha nini. Wanabishana vizuri. Juzi msichana mmoja anayetoka Aru, ambaye huketi karibu na dirisha, aliinua mkono.

"Madame, hii yote ilipimwa kule. Siye tutapima yetu lini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Aliandika kitu pembeni mwa karatasi yake, akainamia tena mchoro, akasema kilele cha tatu kutoka kushoto hakikubaliani na jibu nililowapa. Nilikwenda kukitazama.